Muziki na moyo wakati wa vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa kwaya, walimu wa shule, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa dini wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na mikoa jirani wanaokaa na watu walioguswa na vita, na wangependa kutumia nyimbo bila kuwatonesha. Haufundishi tiba. Unafundisha namna ya kuimba na mtu aliyeumia.

Huku kwetu hakuna vita. Kwa nini tuhangaike na jambo hili?

Kwa sababu vita havikai mpakani. Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, imekuwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017. Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Barabara ya Makambako, Uyole na Tunduma ndiyo hiyo hiyo inayoendelea kupitia Zambia hadi Lubumbashi, na wengi wanaoitumia wana ndugu, wakwe au washirika wa biashara upande wa pili. Tena Tanzania imekuwa ikipeleka askari wa kulinda amani Kongo kwa miaka mingi. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wake wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Askari ana mama, ana mke, ana watoto wanaokesha wakisubiri simu.

Muziki unafanya nini hasa ndani ya mtu mwenye hofu ya vita?

Anza na pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua juu juu, kifuani, kwa haraka. Mwili wake unajiandaa kukimbia hata kama amekaa kwenye kiti. Kuimba kunamlazimisha afanye kinyume: avute hewa upesi, kisha aitoe polepole kwa muda wote wa mstari. Pumzi ya kutoka inaporefuka kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Ukiimba mistari mirefu ya utulivu unajikuta unapumua karibu mara 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni mara 12 hadi 20. Hapa hakuna uchawi. Ni kazi ya neva inayotoka ubongoni kwenda kwenye moyo na tumbo.

La pili ni kuwa pamoja. Watu wanaoimba mstari mmoja huvuta hewa mahali pamoja na kuitoa mahali pamoja, na watafiti waliopima wanakwaya waliona mapigo ya moyo yao yakipanda na kushuka kwa kufuatana. Aliyekimbia peke yake usiku hupata tena hisia ya kuwa ndani ya kundi, na hapo hajaulizwa hata swali moja.

La tatu ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Vita humnyang'anya mtu uamuzi: wengine wanaamua alale wapi, akimbie lini, aache nini. Wimbo unamrudishia uamuzi mdogo mdogo. Aimbe au anyamaze, aingie sauti ya kwanza au ya pili, apige makofi au asipige. Ndiyo maana muziki wa kulazimishwa hauponyi. Zipo jela za kijeshi ambako wafungwa walipigiwa muziki wa kelele usiku kucha ili wavunjike. Muziki ni ule ule, ila aliyepigiwa hakuwa na uwezo wa kuuzima. Kila ushauri unaofuata hapa chini umejengwa juu ya jambo hili.

Kuna mifano ya kweli ya watu waliovuka vita kwa nyimbo?

Ipo mingi, na inafundisha zaidi ukiiangalia kwa karibu.

Mji wa Leningrad, Urusi, ulizingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Kati ya kipindi na kipindi, redio ya mji ilirusha mlio wa metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya muziki. Ukigonga polepole, watu walijua anga ni salama. Ukigonga haraka, ndege zinakuja. Tarehe 9 Agosti 1942, katikati ya njaa hiyo, okestra ya redio chini ya Karl Eliasberg ilipiga Simfonia ya Saba ya Dmitri Shostakovich. Walipoanza mazoezi wapigaji wengi walikuwa wamekufa au hawawezi kusimama, ikabidi waongezewe chakula na wengine waletwe kutoka jeshini. Zingatia hilo la chakula. Hakuna kuimba juu ya njaa, na kikundi chenu kiweke uji au chai kwanza.

Mfano wa pili ni wa Palembang, kisiwa cha Sumatra, ambako Wajapani waliwafunga wanawake na watoto wa Kizungu. Hawakuwa na chombo chochote. Norah Chambers na Margaret Dryburgh waliandika kwa kumbukumbu muziki wa okestra na wa kinanda, wakaugawa kwa sauti za wanawake, nao wakauimba bila maneno, kwa kuguna na vokali tu. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 27 Desemba 1943. Kuimba bila maneno kulifaa pia kwa sababu walikuwa wa lugha mbalimbali.

Huku kwetu, askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ndio walioeneza ngoma ya beni, yenye paredi, vyeo na sare. Kando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda na malipenga, ambapo vibuyu vyenye utando wa buibui vinaifanya sauti ya mtu ivume kama tarumbeta ya jeshi. Watu walikichukua chombo cha waliowatisha na kuwabebesha mizigo, wakakifanya mchezo wao. Mgagao, wilayani Kilolo, wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe waliokuwa wakifunzwa miaka ya 1970 waliimba katika harakati zao. Na Rungwe, watafiti waliokaa kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 waliandika jinsi matanga yalivyokwenda: wanawake wanalia, kisha ngoma zinapigwa na wanaume wanacheza na mikuki na njuga miguuni, kilio kinageuka hasira, hasira inageuka uchangamfu. Wazee wale walikuwa na mpangilio kamili wa kumpitisha mtu kwenye msiba, na kila aliyehudhuria alijua hatua inayofuata.

Kikundi kiwe na watu wangapi, wakutane wapi, saa ngapi?

Watu 8 hadi 15. Wakiwa chini ya 6 kila mtu anasikika peke yake na anaona haya. Wakizidi 20 hutamwona aliyeganda kwenye kona. Wawepo viongozi wawili: mmoja anaimbisha, mwingine haimbi sana, kazi yake ni kuangalia nyuso.

Panga viti nusu duara, mlango uonekane na kila mtu na usifungwe kwa komeo. Asikae mtu akiwa amegeuzia mlango mgongo bila kupenda. Saa kumi alasiri ni muda mzuri, maana kunakuwa bado na mwanga wa kutosha kurudi nyumbani. Epuka usiku.

Jengo linaleta shida ambayo wengi hawaiwazi, nayo ni mabati. Mvua ya Tukuyu ikishuka juu ya bati lisilo na dari, kuimba kunageuka kupiga kelele, na kwa mtu aliyenusurika risasi mlio ule wa ghafla ni mateso. Masika tafuteni chumba chenye dari, au muwe na kauli iliyokubaliwa: mvua ikizidi tunasimamisha, tunakunywa chai, tunasubiri. Mafinga na Sao Hill, kaeni mbali na mashine za kupasua mbao. Mjini, chunguza kwanza kama Jumamosi hiyo kuna harusi jirani yenye matarumbeta na msafara wa bodaboda zinazolipua moshi.

Baridi nayo ni kitu. Njombe na Makete, Juni na Julai, koo hukaza na watu hawafungui mdomo. Maji ya moto au chai ya tangawizi kabla ya kuanza, na shuka za ziada.

Kipindi kimoja kinaendaje, hatua kwa hatua?

Dakika 40 hadi 45 zinatosha, mara moja au mbili kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Kutobadilika kwa ratiba ni nusu ya kazi, kwa sababu aliyetoka vitani amechoka na mambo ya ghafla.

Dakika 5 za kwanza ni salamu za kawaida, kwa heshima ya kawaida. Wazee wapewe shikamoo, akina mama waitwe mama, na asitambulishwe mtu kama "mkimbizi wetu". Mwimbishaji aseme yatakayofanyika leo na amalizie hivi: "Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kutoka nje, toka, na ukirudi kiti chako kipo."

Dakika 5 za pumzi. Vuta kwa pua kwa hesabu ya nne, toa kwa mdomo uliofungwa ukiguna "mmm" kwa hesabu ya sita. Mara nane, si zaidi. Kosa la kawaida ni kuwaambia watu wavute "pumzi kubwa". Wanajaza kifua kwa nguvu, wanapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, kisha wanaogopa zaidi. Waambie wavute ya kawaida, watoe ndefu. Na usiwaamuru wafumbe macho. Wapo wasioweza kufumba macho mbele za watu tangu siku ya tukio. Watazame sakafu au dirisha.

Dakika 10 za wimbo wanaoujua wote, mwepesi, wenye kiitikio. Mtindo wa kuitikia ndio unaofaa kuliko mwingine wowote: mmoja anaanza, wote wanajibu maneno yale yale. Asiyejua wimbo anaweza kujibu tangu mzunguko wa pili, na anayetaka kujificha anajificha ndani ya sauti za wengine.

Kisha dakika 10 za kujifunza kitu kipya, mistari miwili tu. Ubongo unaojifunza sauti mpya hauna nafasi kubwa ya kurudia picha za zamani, na mtu anaondoka na kitu ambacho wiki iliyopita hakuwa nacho. Hapa ndipo mwenye wimbo wa kwao anaweza kuufundisha kikundi. Mama wa Kibembe kutoka Kongo anayewasahihisha matamshi wanakwaya wa Uyole amekuwa mwalimu kwa dakika kumi, baada ya miezi mingi ya kuwa mpokea misaada.

Dakika 5 za kunyamaza, kunywa maji, kuongea ovyo. Usizifute hizi hata mkichelewa. Funga kwa wimbo ule ule kila wiki, wa mwendo wa wastani, usiwe wa kusikitisha. Kumaliza kwa wimbo wa huzuni kunampeleka mtu nyumbani akiwa na donda wazi.

Mwendo wa wimbo uweje, na tuanzie sauti gani?

Anzia mapigo 60 hadi 70 kwa dakika. Huna kifaa? Tazama mshale wa sekunde, pigo moja kwa sekunde ndiyo 60. Baada ya nyimbo mbili panda hadi 80 au 90, kisha shuka tena mwishoni. Kuruka ghafla kutoka 60 hadi 130 kunawatia watu jasho la hofu, si la furaha.

Lakini mtu aliyechachamaa, anayetembea huku na huku na miguu haitulii, usimwanzishie wimbo wa polepole. Utamkera. Anza na mwendo unaokaribia hali yake, wimbo wa kupigia makofi kama wa 100 hivi, umshushe taratibu, wimbo kwa wimbo.

Kuhusu sauti, walimu wa kwaya wana ugonjwa wa kuchukua sauti juu. Mtu mwenye majonzi koo lake limekaza, na noti ya juu inavunjika na kugeuka kilio kabla hajajiandaa. Waombe watu watatu waseme jina la mtaa wao kwa sauti ya kawaida, sikiliza aliye chini kuliko wote, anzia hapo. Wimbo usivuke noti tano au sita kutoka chini hadi juu. Solfa, yaani kuimba kwa do, re, mi, iwekeni kando mpaka kikundi kizoeane, kwani kumsahihisha mtu noti wiki ya kwanza ni kumwambia asirudi.

Tunaweza kutumia ngoma?

Ndiyo, ila si siku ya kwanza na si kwa kushtukiza. Ngoma kubwa iliyopigwa kwa nguvu ndani ya chumba ni mlipuko. Onyesha ngoma, wacha waishike, mwenye kutaka aipige yeye kwa vidole. Akiipiga mwenyewe haimshtui.

Anzeni na kayamba, njuga na makofi. Mzee wa Kihehe anayejua kupiga ligombo akipatikana, mmepata chombo kinachofaa kuliko vyote kwa kazi hii, kwa kuwa nyuzi zake zina mlio mdogo unaowafanya watu wasogee karibu kusikiliza. Gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, linafaa vilevile.

Tahadhari nyingine: kukaza ngozi ya ngoma kwa moto wa mabua. Hewa ya unyevu hulegeza ngozi, na desturi ni kuikausha kwenye moto kabla ya kucheza. Fanyeni hivyo mapema, mbali na kikundi. Harufu ya nyasi zinazoungua ndiyo harufu ya kijiji kilichochomwa, na harufu huamsha kumbukumbu kwa nguvu. Kama kuna jua, anikeni ngoma juani tangu mchana.

Ni nyimbo gani tuziepuke?

Uliza kwanza, usikisie. Kuna mambo yasiyoonekana kwa mtu wa hapa. Kilingala, kwa mfano, kwetu ni lugha ya muziki wa dansi na starehe, lakini Kongo ndiyo lugha ya jeshi. Kwa mtu wa Kivu anayezungumza Kiswahili, wimbo mtamu wa Kilingala unaweza kuwa sauti ya askari aliyegonga mlango. Mwingine ataufurahia kwa sababu uliimbwa harusini kwake. Huwezi kujua kwa kumtazama.

Mchakamchaka wa asubuhi shuleni ni mfano mwingine. Watoto wetu wanaupenda. Mtoto aliyeona wanaume wakikimbia kwa mstari wakiimba na kukanyaga ardhi, wakiwa na silaha, hawezi kuuona kama mchezo. Mwalimu amruhusu asimame pembeni, au ampe kazi ya kuhesabu mizunguko, bila kumtangaza mbele ya wenzake. Nyimbo za paredi, filimbi za makocha na spika za gari la matangazo ziingizwe kwenye orodha hiyo hiyo.

Mtu akianza kulia, kutetemeka au kuganda katikati ya wimbo tufanye nini?

Kulia si ajali. Kama analia huku anapumua na anasikia wenzake, mwacheni alie, wimbo uendelee kwa sauti ya chini, na kiongozi wa pili asogee akae naye bila kumshika mpaka ameomba ruhusa. Kukatisha wimbo kwa ghafla kunamfanya yeye awe kituko.

Kuganda ni kitu kingine. Macho yanatazama mbali, hajibu jina, mikono baridi, au anatetemeka na kusema maneno ya wakati ule. Huyo hayupo chumbani, yuko kule. Mwimbishaji apunguze wimbo hadi kuguna, kisha anyamaze. Kiongozi wa pili akae usawa wa macho yake, kando kidogo, asimzibie mlango. Aseme kwa sauti ya kawaida: "Mama, ni mimi, tuko Uyole, leo Jumamosi, ni saa kumi, hapa ni salama." Amwombe akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ashike kikombe chenye joto, ataje vitu vitano anavyoviona. Usimnyweshe maji kwa nguvu, usimwombee kwa kelele, usimwulize aliona nini. Dakika kadhaa zikipita atarudi. Akirudi atakuwa amechoka sana na anaona aibu, kwa hiyo mtu amsindikize nyumbani.

Andika pembeni kilichokuwa kikiimbwa wakati ule: wimbo, chombo, hata neno. Wiki ijayo kisiwepo.

Watoto je?

Watoto wanahitaji mwili uchezeshwe. Vipindi vya dakika 20 hadi 30, michezo ya kuimba kwa duara, makofi ya wawili wawili, kuiga milio ya wanyama. Ondoa michezo ambayo mmoja anakamatwa, anafungwa macho, anaangushwa au "anakufa", nayo ni mingi kuliko tunavyodhani. Badili mwisho wake: badala ya kukamatwa, mtoto achague wa kumkaribisha ndani.

Kwa watoto wachanga, mfundishe mama, usimwimbie mtoto wake. Bembelezi la mama mwenyewe, kwa lugha yake, hata kama amesahau nusu ya maneno, linawatuliza wote wawili. Mama asiyeweza kuimba aanze kwa kuguna mtoto akiwa amelala kifuani. Mtoto anausikia mtetemo.

Mwingine anakuja kila wiki na haimbi kabisa. Tumhimize?

Hapana. Amekuja. Mpeni kazi kama ataitaka, agawe vikombe au ashike kayamba. Wengi wa namna hii huanza kuguna wenyewe siku ambayo hakuna anayewatazama.

Nikikosa usingizi, kusikiliza muziki kwenye simu kunasaidia?

Kunawasaidia wengi, ukifanya kwa utaratibu. Chagua nyimbo 5 au 6 za polepole, zisizo na maneno mengi, ziwe zile zile kila usiku, kwa nusu saa hadi dakika 45 kabla ya kulala. Zipakue kwenye simu kabisa kisha uzime data. Sababu ya kuzima data ni kwamba katikati ya wimbo huingia video ya mapigano kutoka kundi la WhatsApp, na usiku umeharibika. Sauti isizidi nusu. Tumia kipaza cha sikio kimoja tu, sikio la pili libaki wazi, kwani mwenye hofu hapati usingizi akiwa hasikii kinachoendelea nje.

Angalia pia jambo hili: kurudia wimbo mmoja wa majonzi kwa saa nyingi, peke yako, huku unawaza yale yale, hakutulizi. Ukiona baada ya wimbo wa tatu umezidi kuwa mzito, badilisha au nenda ukakae na mtu.

Wa dini tofauti wataimbaje pamoja?

Kwaya inajua tenzi, madrasa inajua kaswida na dufu, na wapo wasiotumia vyombo kabisa katika ibada. Kipindi cha wote kitumie nyimbo za kazi, za mavuno, za kubembeleza, au kuguna tu bila maneno. Kila mtu ana nafasi ya kuleta wimbo wa imani yake kama zawadi kwa wengine, nao wasikilize bila kulazimika kuitikia. Msifanye uponyaji kuwa chambo cha kubadili dini ya mtu aliyepoteza kila kitu. Hilo tunalikataa bila kumung'unya maneno.

Tunataka kutunga wimbo kuhusu yaliyowapata. Tuanzeje?

Msianze na yaliyowapata. Anzeni na kitu cha leo: mvua, viazi, safari ya sokoni Mwanjelwa. Kwenye mwezi wa pili, kama wao wenyewe wanataka, ombeni kila mmoja neno moja au mawili. Tengenezeni kiitikio cha maneno manne hadi sita kwa sauti ambayo tayari wanaijua, kisha mtu mmoja mmoja aongeze mstari. Kiitikio kiwe na kitu kinachosimama, kama vile "tupo", "tumefika", "tunapika tena", ili kila baada ya mstari mzito kundi zima limrudishe aliyeuimba.

Msitaje majina ya watu wala ya kijiji. Msihukumu mstari wa mtu kwa vina. Na mtu akiutoa mstari wake wiki inayofuata, umetoka.

Nyimbo zinaweza pia kuchochea vita?

Zinaweza, na mwimbishaji asiyejua hivyo ni hatari. Rwanda, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 na muziki uliopendwa ndio ulioandaa masikio kwa maneno ya chuki. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, Arusha, Desemba 2008, kifungo cha miaka 15. Kosa alilotiwa hatiani ni uchochezi alioutoa kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, ingawa mahakama ilikubali pia kwamba nyimbo zake zilitumika kuchochea.

Kanuni yetu ni nyepesi: wimbo unaweza kulaani kitendo, hauwezi kulaani kabila. Mtu akiimba mstari wa "wale", mwimbishaji asimwaibishe, ila aseme palepale kwamba mstari huo haubebwi na kikundi, kisha akae naye baadaye. Hasira yake ni ya haki. Pa kuipeleka ndipo panapotafutwa.

Baba wa nyumba ni askari, yuko kulinda amani nje. Watoto wanamwulizia kila usiku.

Wekeni wimbo mmoja wa familia wa kabla ya kulala, na kama kazi yake inamruhusu, naye arekodi sauti yake akiimba ubeti mmoja. Watoto waitikie. Chezeni mara moja kwa usiku. Isiwe kilio cha kurudiarudia. Akirudi, msimpokee kwa matarumbeta na fataki bila kumwuliza. Mpeni siku kadhaa za nyumba tulivu, kisha achague mwenyewe kama anataka sherehe.

Turekodi video tuwaonyeshe wafadhili?

Tunashauri msirekodi. Sura moja kwenye WhatsApp inafika Goma kabla ya jioni, na aliyemkimbia mtu anaweza kupatikana kwa rangi ya ukuta wa kanisa. Mkihitaji kumbukumbu, andikeni tarehe, idadi ya waliohudhuria na nyimbo. Mkirekodi sauti, iwe kwa idhini ya kila mmoja, bila majina, na aliyekubali jana aweze kukataa leo.

Ni wakati gani nyimbo hazitoshi?

Mpeleke mtu kituo cha afya kama ndoto za kutisha, kushtuka, kuepuka watu au kuishi upya tukio vimezidi mwezi mmoja na vinamzuia kufanya kazi au kulea. Mpeleke upesi zaidi kama hali chakula wala halali usingizi kwa siku kadhaa, anasikia sauti zisizokuwepo, au ameanza kunywa ili alale. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata kwa muda wa kwenda kununua vocha. Ondoa dawa za shambani na kamba karibu naye, mtu akae naye, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kuanzia zahanati wanaweza kuandika rufaa hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, au hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mbeya mjini, penye wataalamu wa afya ya akili.

Aendelee kuja kuimba hata akiwa anatumia dawa. Mwulize daktari tu kama dawa zinamletea usingizi au kukausha mdomo, ili awekewe maji karibu na asirudi nyumbani peke yake.

Na mwimbishaji mwenyewe?

Asiongoze vipindi zaidi ya viwili kwa wiki. Baada ya kila kipindi viongozi wawili wakae robo saa, waambiane walichokiona, wafungie hapo. Dalili za kuelemewa ni kuota mambo ya wengine, kukasirika ovyo nyumbani, na kuanza kuona kikundi hakiwezi kuendelea bila yeye. Akifika hapo apumzike mwezi mzima, na kikundi kiongozwe na mwingine aliyeandaliwa tangu mwanzo, ikiwezekana mmoja wa wale waliokuja kama wageni.